Kiitikio Kilichomeza Beti

Mnamo Septemba 1984, Rais Ronald Reagan aliwahutubia wapiga kura mjini Hammonton, New Jersey, akamsifu mwanamuziki wa roki Bruce Springsteen, mzaliwa wa jimbo hilo, kwa nyimbo zenye ujumbe wa matumaini. Albamu iliyokuwa ikivuma wakati huo ni Born in the U.S.A. Nafsi-neni ya wimbo uliobeba jina hilo ni kijana wa mji uliofifia anayepelekwa vitani Vietnam. Arejeapo ananyimwa kazi kiwandani, nduguye amefia huko, na mwishoni hana pa kukimbilia. Matumaini yako wapi?

Ni rahisi kuilaumu hadhira kwa uvivu wa kusikiliza, lakini lawama hiyo haitoshi. Msikilizaji aliyezoea mafumbo ya taarab angetafuta maana iliyositirika, na hapa hakuna kilichositirika: beti zinasema waziwazi. Kinachozifunika ni fani yenyewe. Ngoma na kinanda cha umeme vinavuma kama gwaride la ushindi, na kiitikio, ambacho hakitaji ila mahali alipozaliwa mtu, kinarudiwa hadi uwanja mzima unakidaka. Kikisikika baada ya beti, ni kejeli chungu. Kikitengwa nazo, ni kiapo cha uzalendo.

Springsteen alikuwa ameurekodi wimbo huohuo mwaka 1982 akiwa peke yake na gitaa. Rekodi hiyo ilitolewa mwaka 1998. Kisa ni kilekile, ila ni vigumu kumfikiria mwanasiasa akipanda nayo jukwaani.