Kasuku wa Ukutani

Sisi ndugu wawili tulisomea ualimu mwaka mmoja, katika mji uliokuwa mbali na kijiji chetu. Siku moja tulimwandikia baba barua, kwamba akishuka kwenye lori atukute katika mkahawa mmoja karibu na soko. Jina la mkahawa lilikuwa la Kifaransa, na maana yake ni kasuku. Tuliliandika kwa herufi nzuri, kwa majivuno ya watu wanaojiona wamekwisha kuelimika. Baba hakujua kusoma. Mwalimu wa kijiji alimsomea barua, naye akalikariri jina lile njia nzima.

Tulimngoja ndani tangu saa nne, tukidhani lori limechelewa. Jioni tulipotoka, tulimkuta ng'ambo ya barabara, ameketi juu ya gunia lake la unga wa muhogo. Mbele yake, juu ya mlango tuliotokea, palikuwa pamechorwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Alikuwa ameuliza watu, lakini jina lilimharibikia kinywani, wakamcheka, basi akanyamaza. Akatuambia: «Wanangu, ndege huyu nimemtazama mchana kutwa. Mngalisema kasuku, ningalifika.»

Hatukumwomba msamaha. Tulicheka, tukabeba gunia, tukaenda.

Miaka mingi baadaye, tukiwa walimu, tulisoma habari za nyumba za vinywaji za Uingereza, ambazo nyingi zina majina ya ndege: Tai, Jogoo, Batamaji Mweupe. Sababu yake ni rahisi. Mwaka 1393, wakati wa mfalme Richard wa Pili, wauza pombe waliamriwa kuweka alama mbele ya nyumba zao. Siku hizo watu wengi hawakujua kusoma, hivyo picha ilisema yale ambayo herufi hazingewaambia. Ndege wengine walitoka katika nembo za jamaa kubwa: batamaji mweupe alikuwa alama ya jamaa ya Bohun, na tai mwenye mtoto alikuwa alama ya jamaa ya Stanley. Mkulima aliyetoka mbali hakuhitaji kujua hayo. Alimtazama ndege, akajua amefika.

Ajabu ni kwamba wasomi wakubwa nao waliketi chini ya ndege hao. Katika mji wa Oxford, mwandishi Tolkien na rafiki yake C. S. Lewis walikuwa wakikutana katika nyumba iitwayo Tai na Mtoto, wakizungumza juu ya vitabu vyao. Katika mji wa Cambridge iko nyumba iitwayo Tai. James Watson alisimulia kwamba mwaka 1953 mwenzake Francis Crick aliingia humo wakati wa chakula cha mchana na kutangaza kuwa wamegundua siri ya uhai, yaani umbo la DNA. Profesa na mchunga kondoo waliingia kwa mlango mmoja, na alama ya mlango huo iliwekwa kwa ajili ya yule asiyejua kusoma.

Hapo ndipo tulipomkumbuka mwenye mkahawa wetu. Hakuwa amesomea ualimu, lakini alipoandika jina la Kifaransa alichora pia ndege, kwa kuwa aliwafikiria watu kama baba yetu. Sisi tuliofundishwa namna ya kufundisha tulimsahau mtu aliyetulipia karo. Tulipotambua hayo, baba alikuwa amekwisha kufariki.

Vijana wapendwa, hatuwaandikii haya ili mkapende nyumba za pombe. Ninyi mmesoma kuliko wazazi wenu, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini mnapobandika tangazo mlangoni mwa kanisa, mnapomtumia bibi ujumbe kwa simu, mnapomwelekeza mgeni njia, jiulizeni kwanza: huyu anajua nini tayari? Anzeni hapo. Baba yetu alimjua kasuku tangu utoto wake. Neno moja tu lilimzuia kuingia, na neno hilo tulilichagua sisi.