Seli Kubwa Shingoni mwa Mama

Bahasha ya majibu niliifungua ndani ya daladala, hata Njiro sijafika. Katika Kiingereza chao kigumu niliambulia kitu kimoja: ile tezi ya Mama iliyokatwa shingoni ina seli kubwa zenye viini vingi. Nikajisemea, basi, ni saratani. Usiku ule sikulala. Mama alilala, tena kwa kukoroma.

Kesho yake daktari alizisoma na vipimo vingine, akacheka kidogo (mimi sikucheka). TB ya tezi, akasema. Seli za ulinzi zikishindwa kummaliza mdudu mojamoja, huungana na kuwa seli moja kubwa, kila moja ikija na kiini chake. Mara nyingi viini hujipanga pembeni, kama upinde. Ndizo seli za Langhans, Mjerumani aliyezieleza mwaka 1868. Dawa miezi 6, bure.

Nilimkuta Mama anachambua mchicha, nikamweleza.

"Kwa hiyo humo shingoni wanapigana?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nimelala tu." Akanisogezea sufuria. "Hizo dawa nameza kabla ya kula au baada?"