Makumbusho ya Binga: Habari za Bonde Lililozama

Wasafiri wengi waendao Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, huishia ukutani. Husimama juu ya bwawa hilo lenye kimo cha mita 128, wakatazama maji ya mto Zambezi yaliyozuiwa, wakapiga picha na kurudi. Lakini atakaye kuelimika hana budi kusafiri hadi Binga, mji mdogo ulio ufukoni mwa ziwa, upande wa Zimbabwe. Huko yako makumbusho ya Watonga.

Humo zimo ngoma, vikapu, viti vya gogo na viko vya kibuyu ambavyo wanawake wa Kitonga huvutia tumbaku. Ni vyombo vya kawaida. Walakini vyasimulia habari za bonde ambalo leo limo chini ya maji.

Zamani Watonga waliishi kandokando ya mto. Mafuriko yaliacha tope lenye rutuba, nao wakaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Ujenzi wa bwawa ulipoanza katika miaka ya 1950, enzi ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, watu wapatao 57,000 waliamriwa kuhama. Watu wa Chifu Chipepo, ng'ambo ya kaskazini, walikataa. Tarehe 10 Septemba 1958 polisi wa serikali ya kikoloni waliwafyatulia risasi, na watu 8 wakauawa.

Desemba mwaka huohuo mto ulizibwa, maji yakaanza kupanda. Wanyama walionaswa visiwani waliokolewa kwa mashua, na sifa za kazi hiyo zikaenea duniani. Watu walipakiwa malorini wakashushwa katika nchi kame, mbali na makaburi ya wazee wao. Umeme wa Kariba ulipelekwa kwenye migodi ya shaba na mijini, na vijiji vingi vya waliohamishwa vikakaa gizani kwa miongo mingi.

Bwawa ni kazi kubwa, na wafanyakazi 86 walipoteza maisha wakilijenga. Hakuna apingaye kwamba taifa lahitaji umeme. Hata hivyo, maendeleo yana bei, na ni haki kujua ni nani aliyeilipa. Mzazi ampelekaye mwanawe Kariba na amwonyeshe ukuta. Kisha amfikishe Binga, aone vyombo vya wale waliolipa.