Umepangiwa Kasulu na Unapenda Kuparamia Mawe? Soma Hapa

Haya, vijana wa mjini, leo tunahamia Kigoma. Siyo ile ya mwisho wa reli, ya migebuka na mawimbi ya Tanganyika. Nawapeleka juu, kwa Waha, Kasulu na Kibondo.

Chanzo ni mdogo wangu. Binti huyu kakulia Mwanza, na mawe ya kule kayaparamia tangu akiwa shule ya msingi. Barua ya ajira ilipotoka, kituo: Kasulu, ualimu. Akanuna wiki nzima. "Kaka, huko nitapanda nini? Migomba?" Akataka kuisusa ajira, ajira yenyewe kaisubiri miaka mitatu! Nikamwambia twende kwanza tukaone, kususa baadaye.

Basi bwana, ukweli nausema mapema: kama unatafuta jabali la kuning'inia kwa kamba, Kasulu mimi sikuliona. Vilima vya kule ni vya mviringo, nyasi juu, migomba na maharage ubavuni. Mwamba ukichomoza, mara nyingi ni jiwe la mchanga, lile la matabaka. Usilifananishe na granaiti ya Mwanza. Jiwe la mchanga likilowa linalegea, unabaki na kishikio mkononi huku unakwenda chini nacho. Na mvua za huko si za utani, zinaanza Oktoba au Novemba na kuachia kwenye Mei. Kwa hiyo miezi yako ni Juni hadi Septemba.

Kinachopandwa huko ni kwa miguu, na miguu itakoma! Tulikwea Heru Juu, yaliko makao ya zamani ya Mwami wa Heru. Kina dada sikilizeni: kiti hicho kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, kabla utawala wa machifu haujafutwa mwaka 1963. Njiani mdogo wangu, bingwa wa mawe, anahema kama mvukuto. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani akatupita, akatusalimia vizuri tu, hata jasho hana. Binti akacheka mwenyewe. Juu, ukitazama magharibi, vilima vinafuatana kuelekea Burundi mpaka macho yanachoka. Jioni ile ile akaniuliza vyumba vya kupanga Kasulu ni bei gani.

Kibondo je? Vilima vipo, lakini usijichanganye ukashuka mashariki. Huko ni nchi ya mabwawa, Malagarasi na Moyowosi, eneo oevu la kwanza la Tanzania kuingia kwenye mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Pori la akiba nalo haliingiliwi kienyeji, lina vibali vyake.

Jambo jingine, mpakani pale. Wilaya hizi zimepokea wakimbizi miaka na miaka, kambi ya Nyarugusu ilianzishwa 1996. Mgeni mwenye begi kubwa na kamba begani lazima aulizwe. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji, mwamkie, mweleze unakwenda mlima gani na utarudi saa ngapi. Huo ndio uokoaji wako, maana ukivunjika mguu watakaokubeba ni hao hao wanakijiji.

Kiu ya jiwe lenyewe ikikushika, subiri likizo. Siyo safari ya Jumamosi na Jumapili. Unapita Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Geita, halafu unavuka Kigongo–Busisi. Zamani hapo ulikuwa unasubiri kivuko mpaka unaota ndevu. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilometa 3, basi linapita tu. Wenye nauli ya ziada waende Lukenya, nje kidogo ya Nairobi, wanakopanda kwa kamba watu wa Mountain Club of Kenya, chama cha tangu 1949. Mwanza kwenyewe mengi ya mawe yana nyumba za watu juu na chini yake, kwa hiyo piga hodi kabla hujapandia uani kwa mtu.