Ayala wa Mkia Mweupe

Jina la ayala twalijua katika Zaburi, lakini wengi wetu hatujapata kumwona. Leo twawaletea habari za mmoja wa jamaa yake, akaaye katika misitu ya Pennsylvania, mashariki ya Marekani, nchi ya vilima na vijito tuliyopata kuitembelea.

Mnyama huyu hutoka kula alfajiri na magharibi. Akisikia kijiti kikivunjika, hupiga mguu chini na kupuliza pua, kisha huinua mkia wake. Chini ya mkia ni weupe mtupu, nao huonekana kama kitambaa kinachopungwa. Wenziwe wakiuona, hukimbia. Hata akiisha kushiba, hujificha vichakani na kucheua kama ng'ombe.

Kulungu wa kwetu hukaa na pembe zake maisha yote. Lakini pembe za ayala huanguka kila mwaka wakati wa baridi, na panya wa msituni huzitafuna. Wakati wa masika ya kule huota nyingine, zikifunikwa na ngozi laini. Mwezi wa Septemba ngozi ile hukauka, naye dume huisugua katika miti hata itoke. Mwezi wa Novemba madume hushindana kwa pembe hizo kwa ajili ya majike.

Mimba huchukua siku 200 hivi, na watoto huzaliwa Mei au Juni, mara nyingi pacha. Mtoto ana madoa meupe kama miali ya jua ipenyayo majanini, na harufu yake ni ndogo sana. Mama humlaza katika nyasi akaenda malishoni, akirudi mara chache tu kumnyonyesha. Wapitao njiani humdhania yatima, wakamchukua nyumbani kwa huruma. Kumbe mama yake yu karibu. Huruma isiyo na maarifa huweza kudhuru.

Theluji ikiwa nyingi, ayala hukusanyika chini ya miti isiyopukutisha majani, ambako theluji ni haba. Hukanyaga njia zao pamoja, wakila vitawi na machipukizi. Baridi ikizidi kuwa ndefu, walio wachanga hufa kwanza.

Tena ziko habari za kufikiri. Zamani watu waliwawinda bila kiasi, wakiuza nyama na ngozi, hata ilipofika mwaka 1900 walikuwa karibu kutoweka Pennsylvania. Mwaka 1906 serikali ya jimbo ilianza kuleta ayala kutoka mahali pengine, na mwaka 1907 sheria ilikataza kuua majike. Wakaongezeka upesi, maana mbwa mwitu na simba wa milimani walikuwa wamekwisha kuuawa. Ndipo ikaonekana taabu nyingine: ayala wengi mno walikula miche yote, msitu ukabaki na miti mizee isiyo na warithi, na wao wenyewe wakafa kwa njaa. Mahali palipozungushwa ua wa waya, miche na maua yalirudi.

Siku hizi ayala wa Marekani wakadiriwa kuwa milioni 30 hivi, na wenye kutunza misitu huruhusu majike nayo kuwindwa kwa kiasi. Basi, waalimu na wazazi, waonyesheni watoto jambo hili: kumwokoa mnyama ni kazi moja, na kulinda malisho yake ni kazi ya pili. Afanyaye ya kwanza na kuiacha ya pili hajamaliza kazi yake.