Chai ya Alasiri Kisiwani Lantau

Ndugu msomaji, iwapo safari itakufikisha Hong Kong pamoja na watoto, bila shaka watakuvuta hadi Disneyland, bustani ya burudani iliyoko kisiwa cha Lantau. Watakukimbiza tangu asubuhi, nawe, ukikumbuka bei ya tikiti, utaona kuketi ni hasara. Usidanganyike. Ifikapo alasiri, waongoze hadi Hong Kong Disneyland Hotel, iliyofunguliwa mwaka 2005, nayo imejengwa kwa mtindo wa enzi ya Malkia Victoria.

Hapo utaletewa birika la chai, na vitafunio juu ya sahani zilizopandana ghorofa kwa ghorofa. Desturi hii ilienea Uingereza katika karne ya 19. Lakini chai yenyewe ilitoka China, na hata neno letu “chai” asili yake ni huko. Imezunguka dunia, ikarejea kwao na adabu za Kiingereza.

Sasa mtazame mwanao. Aliyekuwa akikuvuta mkono anakusimulia kilichomfurahisha na kilichomtisha. Katika foleni hamkupata nafasi hiyo. Wala haihitaji hoteli: jioni ya leo, chai ya Mufindi na viazi barazani vyatosha, mradi nawe uketi.