Hofu ya Kusimama Mbele ya Watu

Msomaji, katika hofu zote zinazomfika mwanadamu, iko moja isiyo na simba wala nyoka, isiyo na moto wala gharika. Ni hofu ya kusimama mbele ya watu. Watu wenyewe si maadui. Mmoja ni mama aliyekupikia chai asubuhi, wa pili ni jirani, wa tatu ni mwenzako mnayekaa dawati moja. Ukikutana nao mmoja mmoja njiani huwaamkia na kucheka nao. Lakini waketi pamoja, wanyamaze, wakuelekezee macho, na papo hapo magoti hulegea, ulimi hukauka, na shairi ulilolijua jana kama jina lako hukimbia kichwani kama kuku aliyeona kicheche.

Kama umepata kufikwa na hali hiyo, usijione mnyonge wa peke yako. Hofu hii haichagui mdogo wala mkubwa. Humjia mwanafunzi anayesoma risala mbele ya wageni, humjia bwana harusi, humjia hata mwimbaji mwenye jina. Nataka tuizungumze wazi, kwa sababu wengi huidhani kuwa aibu, na kitu kinachodhaniwa aibu hufichwa, na kinachofichwa hakitibiwi.

Sisi wa Mombasa tuna sababu zaidi ya kuijua. Kisiwa chetu ni kidogo, na Mji wa Kale ni mdogo zaidi. Kutoka Ngome ya Yesu kupita Ndia Kuu mpaka Bandari ya Kale ni mwendo wa dakika chache, na katika mwendo huo utaamkiwa mara nyingi. Atakayekusikia leo usiku arusini utakutana naye kesho barazani Kibokoni, na ulimi ukiteleza leo, habari zitanyweka pamoja na kahawa ya kesho. Tena mji huu una masikio. Hapa wapo wazee ambao hawakusoma darasa la fasihi, lakini mizani moja ikipungua katika mshororo, hugeuza shingo kabla msomaji hajafika kwenye kina. Mtu anayesimama mbele ya wasikilizaji wa namna hiyo bila ya moyo kumdunda kidogo, ama ni bingwa, ama hajui yuko wapi.

Mimi nami naijua hofu hii kwa jina na kwa sura. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, ilikuwa desturi kupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Siku moja katika wiki mkufunzi huingia darasani kimya, huketi nyuma, hufungua daftari na kuanza kuandika. Watoto arobaini hawakunitisha. Kalamu moja ilinitisha. Kila ilipokwaruza karatasi, nilihisi kama inakwaruza mgongo wangu. Vidole vyangu vilikuwa baridi katika joto la Januari, na chaki ililia juu ya ubao kwa mtetemeko wa mkono. Nilimaliza somo, na wiki ya pili nilimaliza tena, na hofu haikuacha kuja. Mpaka leo, katika miaka yangu ya thelathini na kitu, hunijia kila siku ya kwanza ya muhula. Tofauti ni kwamba sasa namjua mgeni wangu, na nimempa kazi ya kufanya.

Kwanza yafaa tujue anachotoka nacho mgeni huyu. Juu ya figo za kila mtu ziko tezi mbili ndogo. Mwili unapohisi hatari, tezi hizo humimina katika damu homoni iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio ili damu ifike upesi kwenye misuli mikubwa ya miguu na mikono. Damu hupungua kwenye ngozi, ndiyo maana vidole huwa baridi. Mate hupungua, ndiyo maana kinywa hukauka. Tumbo husimamisha kazi yake, ndiyo maana huhisi limejikunja. Hayo yote si ugonjwa. Ni mwili unaojitayarisha kupigana au kukimbia. Bahati mbaya mwili hautambui kwamba adui aliye mbele yako ni ukumbi wa watu waliokuja kwa hisani yao kukusikiliza. Umekuletea nguvu nyingi, na wewe hujui pa kuzipeleka.

Wahenga walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Methali hii ina haki yake. Bahari ikichafuka, anayerudi pwani hufika kwao salama. Lakini mbele ya watu mambo ni mengine. Anayekimbia jukwaa leo atalikuta kesho limekuwa refu zaidi, kwa maana hofu hunona kila inapotiiwa. Basi kama haifukuziki, na kuikimbia hakufai, limebaki jambo moja: kuipa kazi. Nina njia tatu za kukuonyesha.

Njia ya kwanza ni kujifunza jambo lako mpaka likae mwilini. Mwaka 1965 mwanasaikolojia Robert Zajonc aliandika kwamba macho ya watu humwongezea mtu nguvu katika jambo alilolizoea, na humharibia jambo ambalo bado hajalimudu. Mwaka 1982, huko Marekani, watafiti waliwachunguza wachezaji wa biliadi. Walipotazamwa na watu wanne waliosimama karibu, wachezaji hodari walipanda kutoka mapigo 71 yaliyofaulu katika kila 100 hadi 80. Wachezaji dhaifu walishuka kutoka 36 hadi 25. Macho yalikuwa yale yale. Yaliyotofautiana ni mazoezi. Basi usijiulize kama utaogopa, maana utaogopa. Jiulize hofu itakapokuja itamkuta nani: mtu aliyelijua jambo lake, au mtu aliyelipitia juu juu usiku wa kuamkia siku yenyewe?

Kulijua jambo si kulisoma kimya ukiwa umelala. Lisome kwa sauti. Lisome ukitembea, ukifua, ukioga. Mwombe ndugu yako mdogo akuchekee makusudi huku ukiendelea. Kisha lisome mbele ya mtu mmoja, halafu watatu, halafu darasa zima. Chururu si ndo ndo ndo. Lakini ndoo huijaza.

Nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, binti mwenye sauti nzuri, aliyechaguliwa kughani shairi siku ya wazazi. Asubuhi ya siku hiyo alinijia akiwa amefumbata mikono kifuani.

"Mwalimu," alisema, "naomba mwingine asome. Sauti yangu imepotea."

"Mbona mimi naisikia?" nilimjibu. "Alfajiri unapomsaidia mama kusukuma mahamri, shairi hili hulisoma?"

"Hulisoma, mwalimu."

"Hulikosea?"

"Hata, mwalimu. Mama mwenyewe sasa analijua."

"Basi nenda ukalisome kama unavyolisoma jikoni. Mikono ikitaka kutetemeka, iache itetemeke. Shairi haliko mikononi."

Alipanda. Beti ya kwanza sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. Beti ya pili ilipata mwili. Beti ya tatu wazee waliokuwa wakinong'ona nyuma walinyamaza. Nilikuwa karibu, na niliona kwamba karatasi aliyoishika ilitetemeka tangu mwanzo hadi mwisho. Hakupata zawadi ya kwanza. Lakini aliposhuka, wenzake walimzunguka wakimuuliza amefanyaje hata asiogope. Alinitazama, nami nikageuza uso nisicheke.

Hapo ndipo ilipo njia ya pili. Hofu yako hupiga kelele ndani yako, lakini nje haisikiki sana. Wewe wausikia moyo wako kama ngoma, na wadhani ukumbi mzima unaisikia. Hausikii. Jambo hili limepimwa. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, walitangaza matokeo ya majaribio yao juu ya wanafunzi waliotoa hotuba. Waliona kwamba msemaji hudhani woga wake unaonekana wazi kuliko unavyoonekana kweli kwa wasikilizaji. Tena wanafunzi walioelezwa ukweli huo kabla ya kusema walitoa hotuba nzuri zaidi kuliko ambao hawakuelezwa. Kwa hiyo, msomaji, kwa kusoma aya hii umekwisha pata nusu ya dawa. Nusu ya pili iko kifuani mwako: kabla hujafungua kinywa, vuta pumzi, kisha itoe polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta. Moyo husikia amri hiyo na kupunguza mwendo. Halafu tazama uso mmoja wenye huruma, uanze naye.

Njia ya tatu hatukuhitaji kuitafuta ng'ambo, kwa sababu wazee wetu walituachia. Angalia kasida zinavyosomwa katika maulidi ya Mji wa Kale. Msomaji hutoa ubeti, na watu wote huitikia. Angalia taarabu: mwimbaji akigusa neno lililomchoma msikilizaji, msikilizaji huinuka akaenda kumtunza fedha mkononi. Katika desturi yetu hadhira haikuwa baraza la mahakimu. Ilikuwa nusu ya pili ya kazi. Msomaji akivuta pumzi, waitikiaji humpokea. Akichoka, wao hubeba. Anayepanda jukwaani akijua hivyo hasimami kama mshtakiwa mbele ya kadhi. Husimama kama mtu aliyeanza wimbo na kuwangoja wenzake.

Nami nina ushahidi mkubwa wa jambo hili katika mji huu huu. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alizaliwa yapata mwaka 1776 na kufariki yapata mwaka 1840. Alitunga mashairi ya siasa, ya mapenzi na ya mambo ya kila siku, akajibizana na wapinzani wake katika zama za vita na fitina. Alipokufa hakuacha kitabu kilichopigwa chapa. Zaidi ya miaka 40 baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya mashairi hayo kutoka kwa watu wa Mombasa waliokuwa bado wakiyakumbuka, na kazi hiyo ikamfikia W. E. Taylor. Mwaka 1940 William Hichens aliyachapisha kwa jina la Diwani ya Muyaka, karne nzima baada ya mtungaji kuingia kaburini.

Fikiri, msomaji. Waliomhifadhi Muyaka ni wasikilizaji. Wale watu ambao mbele yao mtu hutetemeka, ndio waliokuwa sanduku la hazina yake. Kama angetunga kwa siri na kuyazika mashairi kifuani kwa kuogopa jicho la mtu, leo tusingekuwa na Muyaka, na Kiswahili kingekuwa maskini zaidi. Sijui ni mashairi mangapi yaliyokufa pamoja na waoga wao. Hayo hayahesabiki, kwa maana hakuna aliyeyasikia.

Ndiyo sababu siwezi kuiita hofu hii jambo dogo la watoto wa shule. Katika kila darasa ninaloingia yuko mmoja mwenye jibu sahihi ambaye hainui mkono. Yuko mwenye shauri jema ambaye huliacha livunde. Atakuwa mtu mzima, atakaa katika mkutano wa mtaa wake, ataona jambo baya likipitishwa, na atanyamaza kwa sababu hakuzoea kusikia sauti yake mbele ya watu. Hasara hiyo si yake peke yake. Ni yetu sote.

Usingoje hofu iondoke ndipo uanze, maana yaweza isiondoke kabisa. Anza na kidogo kilicho karibu. Kesho mwalimu atauliza swali, na jibu litakuwa kinywani mwako, na moyo utaanza kudunda. Inua mkono hivyo hivyo, unavyotetemeka.